Dawa Isiyoleta Nafuu

Mjomba wangu wa Kilwa Kivinje alirudi kutoka kliniki ya macho na chupa ya plastiki isiyozidi kidole gumba, pamoja na maelezo ya dakika mbili. Maelezo mengine aliyapata barazani, na hayo yalichukua jioni nzima. Kila mzee aliyekuwa na kikombe cha kahawa mkononi alikuwa na shemeji, shangazi au nahodha mwenzake aliyewahi kupewa "dawa ya presha ya macho", na kila mmoja alikuwa na neno la kusema. Likizo yangu yote niliketi nao, nikiandika maneno yao nyuma ya kipeperushi kilichotoka ndani ya boksi la dawa. Sikuwacheka. Mengi waliyosema yana mantiki, ila ni mantiki ya ugonjwa mwingine.

"Presha ya macho inatokana na presha ya damu. Meza vidonge vyako, macho yatafuata."

Hapa jina ndilo lililotuponza. Wauguzi wanasema presha ya macho kwa sababu neno glakoma halikai mdomoni, na mgonjwa akisikia presha anawaza kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa upepo. Presha hii ni nyingine. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa mchana na usiku, kisha yanatoka taratibu kupitia kichujio chembamba kilicho pembeni, pale sehemu nyeusi ya jicho inapokutana na nyeupe. Kichujio kikizibaziba, maji yanaingia mengi kuliko yanayotoka, na jicho linakaza. Kwa kawaida kipimo huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Kikipanda na kubaki juu, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa nyuzi kwa nyuzi. Unaweza kuwa na damu ya kijana wa miaka 20 na bado jicho likawa na 34. Wapo hata wanaoharibikiwa na mshipa huo ilhali kipimo chao ni cha kawaida, ndiyo maana daktari hatosheki na namba na huchungulia pia nyuma ya jicho.

Wala si ugonjwa wa wachache. Kongwa, mkoani Dodoma, walipimwa watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Takriban 4 kati ya kila 100 walikutwa na glakoma. Nayo hutembea katika ukoo: mjomba alipokutwa nayo, mama yangu naye alipaswa kupimwa, na mimi pia.

"Nimetumia miezi mitatu, sioni nafuu yoyote. Dawa haifai."

Hili ndilo lililomponza mjomba, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pwani yetu tunaipima dawa kwa nafuu. Umemeza dawa ya malaria, siku ya tatu homa imeshuka, unasema dawa kali hii. Umepaka mafuta, kipele kimekauka. Umeondolewa mtoto wa jicho, kesho yake bandeji inatolewa na unamwona mjukuu hadi kope zake. Sasa mtu aliyezoea kipimo hicho anapewa chupa, anaambiwa adondoshe tone asubuhi na jioni mpaka siku ya kufa kwake, na baada ya miezi mitatu anaona vilevile alivyoona jana. Jicho linawasha kidogo baada ya tone, na lingine linakuwa jekundu. Kabla ya dawa hakuwa na maumivu hata chembe. Ukimsikiliza kwa haki, analalamika kwamba alikuwa mzima na dawa ndiyo iliyomletea kero.

Jibu ni kwamba kuona vilevile ulivyoona jana ndiyo kazi yote ya dawa hii. Mshipa uliokufa haufufuki kwa tone, kwa kidonge, kwa leza wala kwa kisu. Tone linashusha presha ili kilichobaki kisiondoke. Na kinachoondoka huanzia pembeni, si katikati: mtu anaendelea kuzitambua sura za watu na kuziona namba za simu, huku akigonga bega kwenye mlango na kumkosa bodaboda anayetokea kushoto. Jicho zima huziba pengo la jicho bovu, na ubongo nao husaidia kuficha. Mjomba aliacha dawa miezi minane. Alichokigundua mwenyewe ni kimoja tu: ngalawa zilizoegeshwa upande wa kulia wa gati alikuwa akiwasikia watu wakizipakua kabla ya kuziona. Aliporudi kliniki, jicho la kulia lilikuwa limebaki na tundu la katikati tu.

Kwa hiyo swali la "unaona nafuu?" halina maana hapa. Swali ni namba: ilikuwa ngapi siku ya kwanza, na leo ni ngapi? Mgonjwa ana haki ya kuiuliza na kuiandika kwenye daftari lake la kliniki. Jicho lenyewe halina uwezo wa kukuambia kama dawa inafanya kazi. Yupo pia anayesema asubiri ugonjwa ukomae ndipo ukakatwe, kama walivyokuwa wakiambiwa wazee kuhusu mtoto wa jicho. Glakoma ikishakomaa hakuna cha kukata.

"Tone moja litafanya nini? Mwaga matatu, manne, jicho lishibe."

Nilimtazama mjomba akijiwekea dawa siku ya kwanza nilipofika. Alisimama mlangoni, akainua kidevu, akaishika chupa juu kama anayemwagilia mche, akaibinya. La kwanza lilianguka kwenye nyusi. La pili lilimpata, akapepesa macho kwa nguvu, likatiririka shavuni. La tatu lilifuata njia ya la pili. Akajifuta kwa kanga ya shangazi, akasema, "Tayari."

Nafasi iliyopo kati ya kope na jicho haitoshi hata tone moja zima, sembuse matatu. Linalozidi linaishia shavuni, au linaingia kwenye kitundu kilicho pembeni ya pua na kutelemkia kooni. Pia kuna hesabu ya mfuko. Chupa ya mililita 5 hutoa matone 100 hadi 150 hivi. Macho mawili, asubuhi na jioni, ni matone manne kwa siku, basi chupa inafika mwezi. Ukimwaga matatu matatu, siku ya 10 unaibinya na inatoa upepo.

Tulivyokubaliana na mjomba baada ya mabishano ni hivi. Ananawa mikono. Analala chali kitandani, kwa sababu mkono wake unatetemeka na kusimama hakumsaidii. Anaivuta kope ya chini kwa kidole mpaka ifanye kijifuko, anatazama juu darini, anaegemeza mkono wenye chupa kwenye paji la uso, na kudondosha tone moja bila mdomo wa chupa kugusa jicho wala kope, maana ukigusa unaingiza uchafu kwenye dawa. Likikosa, anarudia. Kisha anafumba taratibu bila kukaza, na anabonyeza kwa kidole ile pembe ya jicho iliyo kando ya pua, dakika mbili au tatu. Mwenye chupa za aina mbili asubiri dakika tano kabla ya kuweka ya pili, la sivyo ya pili inaisomba ya kwanza.

Kidole hicho cha kando ya pua tukiweke akilini, kitatusaidia mara mbili zaidi.

"Dawa ya macho inabaki machoni. Haina madhara mwilini."

Hapana, na hili ni la hatari. Dawa inayotolewa sana kwetu kwa sababu ya bei yake ni timolol. Inapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, lakini ni ndugu wa vidonge kama propranolol na atenolol vinavyopunguza kasi ya moyo. Tone likishuka kwa kile kitundu cha pembeni linafika kwenye ngozi laini ya pua, na kutoka hapo linaingia kwenye damu moja kwa moja bila kupita kwanza kwenye ini kama kidonge. Kwa mtu mzima wa afya huenda asihisi kitu. Kwa mwenye pumu linaweza kumbana kifua vibaya sana, na kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole linaweza kumwangusha. Kwa hiyo ukiwa na pumu, hata ile ya utotoni, au maradhi ya moyo, au unameza vidonge vya presha ya damu, mwambie anayekuandikia tone. Usisubiri uulizwe, foleni ni ndefu na huenda usiulizwe. Ukianza tone jipya kisha ukapumua kwa shida au kusikia kizunguzungu unaposimama, rudi hospitali siku hiyohiyo. Kubonyeza pembe ya jicho hupunguza dawa inayoingia mwilini, ila hakuifanyi timolol kuwa salama kwa mwenye pumu. Zipo dawa nyingine, kama latanoprost, inayowekwa mara moja tu jioni. Hiyo inaweza kurefusha kope na kufanya ngozi ya kope iwe nyeusi zaidi, jambo ambalo sijasikia mwanamke wa Kilwa akililalamikia.

"Ramadhani dawa hii inafunguza."

Nilitarajia hoja hii na ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu anayeisema hasemi kwa uvivu bali kwa ucha Mungu. Siku 30 bila dawa ni siku 30 za presha kupanda bila kizuizi. Kwa Mashafii, nao ndio wengi mwambao huu, jicho halihesabiwi kuwa njia ya kuingilia tumboni. Wanja haufunguzi, na tone halifunguzi, hata ladha yake ikisikika kooni. Wamaliki wana ukali zaidi kwa kinachofika kooni mchana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliyataja matone ya macho miongoni mwa visivyobatilisha saumu, maadamu mtu hamezi kwa kusudi kinachofika kooni. Na kile kidole cha kando ya pua husaidia kuzuia ladha yenyewe isifike.

Bado moyo unasita? Basi tone la asubuhi liwekwe wakati wa daku na la jioni baada ya futari. Kati yake ni saa 13 au 14 hivi, haliharibiki jambo. La latanoprost ni la usiku, halina mjadala. Imamu wa msikiti alipoulizwa mbele ya baraza alijibu kwa sentensi moja, na ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

"Dawa ni dawa. Ile ya dukani inasafisha macho vizuri zaidi."

Inasafisha kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Jicho jekundu lililochomwa na jua la baharini na moshi wa kuni, likipata tone lenye dexamethasone, betamethasone au prednisolone, kesho yake linakuwa jeupe kama yai. Dawa za jamii hiyo, ambazo mara nyingi huchanganywa na antibayotiki katika chupa moja, zikitumiwa wiki kwa wiki bila usimamizi zinaweza kupandisha presha ya jicho na kusababisha glakoma yenyewe kwa mtu ambaye hakuwa nayo. Haziumi. Zinapendeza. Soma maandishi madogo ya kwenye chupa, au mpe kijana akusomee. Chupa ya jirani iache kwa jirani, kwani huenda yeye hana pumu na wewe unayo. Maziwa ya mama, asali na maji ya majani havishushi presha ya jicho, na baadhi huleta kidonda kwenye kioo cha jicho. Bangi inaishusha kwa saa tatu au nne, kwa hiyo mgonjwa angelazimika kuvuta mchana kutwa na kuamka usiku kuvuta tena, tusiendelee nayo.

"Dawa hii ni ya watu wa Dar. Sisi ikiisha imeisha."

Hapa baraza lina haki, nami sikuwa na ubishi. Kutoka Kivinje hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 300, na nauli ya kwenda na kurudi inaizidi bei ya chupa. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi na Dar ilikatika huko Somanga. Aliyetegemea basi limletee chupa alikaa bila. Latanoprost isiyofunguliwa inataka friji, na Kilwa mchana joto hupita nyuzi 30. Mtungi wa maji hupooza lakini haufiki baridi ya friji, kwa hiyo mwombe mwenye duka akutunzie za akiba na uchukue moja moja. Ikishafunguliwa, iweke kivulini mbali na jiko na dirisha, iandike tarehe kwa kalamu, na itupe baada ya wiki nne hata kama imebaki. Ukisahau tone usiongeze maradufu.

Lakini shida hii ya barabara na chupa ina jibu jingine ambalo barazani hakuna aliyelijua. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, waliwagawa wagonjwa wa glakoma wenye presha ya juu mafungu mawili, hawa wakapewa timolol na wale wakapigwa leza kwenye kile kichujio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa 61 kati ya 100, na tone kwa 31. Leza haiponyi, na huenda ikahitaji kurudiwa. Upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji nao upo, nao pia ni wa kulinda kilichobaki.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho, akakizungusha kikombe chake.

"Moshi," akasema. "Na hiyo leza, Dar haipo?"

Nikamwambia aulize kliniki siku ya tarehe yake, na awaulize pia namba ya jicho la kushoto.