CHUMA CHETU TUNAUZA, KISU TUNANUNUA



Wanunuzi wa vyuma chakavu wakipita na mizani yao, tunawakabidhi mapanga yaliyoisha kwa bei ya kilo. Kesho yake tunakwenda mnadani kununua kisu cha kukunja, cha kukatia kamba na kuchunia mbuzi. Mwezi hauishi, makali yamekwisha. Sisi tunasema: kisu hicho tukitengeneze wenyewe, hapa hapa nyumbani.

Wapo watakaosema, "Aa, hiyo ni kazi ya kiwanda." Si kweli. Huko Ufaransa, kwenye milima ya Savoie, kijana Joseph Opinel, mtoto wa mfua zana, alianza kutengeneza visu vya kukunja mwaka 1890. Leo visu vyenye jina lake vinauzwa nchi nyingi. Naye alianzia kwenye karakana ya kwao.

Tuanze na kisu rahisi kisicho na springi. Kwanza kata mfano wa boksi, bapa na mpini, uvishikize kwa pini. Kunja, kunjua. Boksi likigoma, chuma nacho kitagoma.

Kisha chukua panga bovu. Lipashe moto mpaka liwe jekundu, ulifukie kwenye majivu lilale humo hadi asubuhi. Litakuwa laini, msumeno wa chuma na tupa vitalikubali. Kata bapa, toboa tundu, piga tupa.

Sasa lirudishie ugumu. Lipashe tena mpaka sumaku isilishike, halafu lichovye kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa kidogo. Hapo ni gumu lakini linavunjika kama kigae. Lisugue ling'ae, ulipashe polepole mpaka lipate rangi ya mabua makavu, basi. Ukizidisha likawa la buluu, makali hayatakaa.

Mpini ni pembe ya ng'ombe au mpingo, vyote tunavyo. Pasua mfereji wa kulalia bapa, pitisha msumari, weka washa huku na huku, gonga vichwa vyote viwili. Bapa likaze, lisichezecheze, maana kisu hiki hakina kufuli na kikilegea kitafunga juu ya vidole.

Hadhari zipo. Mafuta yanaweza kushika moto: kazi isifanyike chini ya paa la nyasi, mchanga uwe karibu, na maji yasimwagwe humo kabisa. Macho yavae miwani. Na jambo moja tunalisema wazi: reli imepita hapa kwetu Bahi, lakini chuma cha reli si malighafi yetu. Anayefungua kipande cha reli anahatarisha roho za abiria, na mahakama inamngoja.

Wazee wengine wana hofu kwamba visu vitaleta ugomvi. Hofu hiyo tunaiheshimu. Ndiyo maana tunataka kila kisu kipigwe alama ya aliyekitengeneza na kiandikwe kwenye daftari la ushirika. Kijana akijua jina lake liko juu ya kisu, atakitengeneza vizuri na atajua anamwuzia nani.

Vifaa ni tupa, msumeno wa chuma, keekee, nyundo, koleo na jiliwa. Mtu mmoja vitamshinda, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Tunapendekeza mkutano mkuu ukubali ushirika ununue seti moja, ikae ghalani, watu waazime kwa zamu. Mafunzo tuyaombe SIDO pale Dodoma mjini; shirika hilo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Na wanaosoma kisomo cha watu wazima wapimie bapa kwa rula; hesabu itaingia upesi kuliko ubaoni.

Mpunga ukishavunwa vijana wetu wanakaa kijiweni au wanakimbilia mjini. Kazi ya mikono haitawazuia wote, ila hata watatu wakibaki tumepata.

Basi, mwenye panga bovu asiliuze wiki hii. Alilete ghalani.

Katibu