Robeson Tunamjua, Na Nina Mae Je?

Mabishano ya wiki yetu ya filamu yamekuwa makali, na mimi nina langu la kusema. Wapo wanaotaka Sanders of the River ya mwaka 1935 iondolewe kwenye ratiba kwa sababu inamtukana Mwafrika. Wapo wanaotaka ibaki kwa sababu Paul Robeson yumo, na mzee Jomo Kenyatta naye yumo, kasimama katikati ya machifu wa bandia. Pande zote mbili zimeshajaza barua pepe zetu. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemtaja mwanamke aliyecheza kama mke wa Robeson humo ndani. Hata kwenye bango letu hayupo.

Anaitwa Nina Mae McKinney. Alizaliwa mwaka 1912 huko Lancaster, South Carolina, Marekani. Alikuwa msichana wa kucheza shoo New York katika Blackbirds of 1928, na ndipo mwongozaji King Vidor alipomwona. Mwaka 1929 akampa nafasi ya Chick katika Hallelujah, picha ya waigizaji weusi watupu, mojawapo ya za kwanza za aina hiyo kutolewa na studio kubwa tangu sinema ianze kusema. Studio ya MGM ilisita kutoa pesa mpaka Vidor akakubali kuweka mshahara wake mwenyewe kwenye gharama. Itazameni jamani. Binti hajatimiza miaka ishirini, anaimba na kucheza kilabuni, na wote waliomo humo wanageuka kuwa mapambo tu. MGM wakampa mkataba wa miaka mitano.

Mkataba akawa nao, kazi hakuwa nayo. Kanuni za maadili za studio za mwaka 1930 zilikataza mapenzi kati ya mzungu na mweusi kwenye filamu. Stelingi alikuwa mzungu kila mara. Sasa mwanamke mzuri, sauti anayo, miguu ya kucheza anayo, utampa nafasi gani? Wakampa vipande. Katika Safe in Hell (1931) anaendesha hoteli kisiwani na anaimba wimbo mmoja. Katika Pie, Pie Blackbird (1932), filamu fupi, anaimba pamoja na bendi ya Eubie Blake. Basi akavuka bahari kuja Ulaya, ambako magazeti yalimwita Garbo mweusi. Sifa ya ajabu hiyo. Garbo mwenyewe hakuwa mwimbaji.

Huku Uingereza ndiko alikokutana na Sanders. Kijiji cha "Afrika" kilijengwa Shepperton, karibu na London, na watu wa kujaza kijiji walitafutwa miongoni mwa Waafrika waliokuwa wakiishi huku, mabaharia na wanafunzi wakiwemo. Kwa Kenyatta kilikuwa kibarua, na sidhani kama yupo mwanafunzi wa kigeni anayesoma ukurasa huu asiyejua maana ya kibarua. Robeson alikuwa ameshaanza kujifunza Kiswahili London, akiamini kuwa filamu itaonyesha utamaduni wetu kwa heshima. Ilipotoka ikawa ni sifa kwa mkoloni, naye akaja kuikana hadharani.

Robeson alikuwa na jina la kumwezesha kukana. Kenyatta akawa rais, na watu wakamsamehe wakicheka. Nina Mae hakuwa na kimoja wala kingine. Alivaa shanga, akambembeleza mtoto kwa wimbo, akarudi Marekani kutafuta kazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba baada ya hapo "alishuka", ati aliishia kwenye filamu za bei poa. Tuziangalie basi. Hizi ni picha zilizotengenezwa kwa pesa kidogo na kwa haraka kwa ajili ya watazamaji weusi, zikaonyeshwa kwenye majumba yao au usiku wa manane kwenye majumba ya wazungu. Katika Gang Smashers (1938) Nina Mae ni askari mpelelezi anayejifanya mwimbaji wa kilabu ili awanase majambazi wa Harlem. Mpelelezi! Mwaka 1938! MGM haikumpa nafasi hiyo hata ndotoni. Mwaka uliofuata alikwenda Jamaika kucheza The Devil's Daughter. Humo ni Isabelle, aliyebaki nyumbani kuendesha shamba, halafu dada yake wa baba mmoja anakuja kutoka New York kurithi. Isabelle anamtisha kwa uchawi wa uongo ili akimbie. Anayejua kesi za mirathi za kwetu atamwelewa haraka sana.

Sisemi ni filamu nzuri. Sauti inakwaruza, kamera haisogei, na kuna mchekeshaji anayeaminishwa kwamba roho yake imewekwa ndani ya nguruwe. Wajamaika wanaonyeshwa kama watu wa ngoma na mizimu tu, na kwa hilo haipishani sana na Sanders. Wala pesa haikuwa yote ya watu weusi: Ralph Cooper, mweusi, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyotoa Gang Smashers, lakini ndugu wa Popkin na Alfred Sack, msambazaji wa The Devil's Daughter, walikuwa wazungu. Lakini humo Nina Mae anataka kitu, anapanga, anakasirika, anashindwa. Kwenye studio kubwa alirudishwa jikoni: Dark Waters (1944) ni mtumishi wa ndani. Katika Pinky (1949) ana nafasi ndogo ya mwanamke wa ugomvi, wakati nafasi kuu, ya msichana mweusi anayedhaniwa mzungu, kapewa Jeanne Crain, mzungu kamili. Nina Mae yupo palepale anaangalia.

Alifariki New York mwaka 1967. Heshima ya kuingizwa kwenye orodha ya wakongwe wa filamu za watu weusi aliipata mwaka 1978, akiwa kaburini.

Mwenzetu mmoja hapa chuoni aliitwa kuigiza mkimbizi kwenye tamthilia fulani, akaambiwa Kiingereza chake ni kizuri mno, akiharibu kidogo. Akakubali, kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Wapo waliomsema kwenye mkutano wetu. Na haohao ndio wanaopiga makofi Kenyatta anapotokea kwenye kioo.

Kwa hiyo naiomba kamati hivi: Sanders ibaki, lakini Ijumaa ileile The Devil's Daughter itangulie, na jina la Nina Mae McKinney liandikwe kwenye bango kwa herufi sawa na za Robeson. Inapatikana bure, na haifiki hata saa moja. Sambusa hazitapoa.