Ramani ya Jengo ni Jambo la Chama



Siku hizi wenye viwanda na mashamba wameanza kusema sana juu ya "majengo ya kijani". Hawasemi rangi ya ukuta. Wanasema jengo lisilokula umeme mwingi, maji mengi wala vifaa vingi. Kuna hata vyeti vya majengo ya namna hiyo. Cheti kiitwacho EDGE, kilichoanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa lililo katika kundi la Benki ya Dunia, hutaka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 katika upande wa vifaa vya kujengea.

Sisi hatupingi jambo hilo. Lakini tunasema kwamba sehemu kubwa ya uzuri au ubaya wa jengo huamuliwa kabla ya taa na feni kununuliwa. Huamuliwa siku ramani inapochorwa, kwa umbo la jengo na kwa upande linaoelekea. Siku hiyo mwajiri yupo, injinia yupo, mwenye benki yupo. Mfanyakazi atakayefanya kazi au kulala ndani yake hayupo. Hilo ndilo tunalotaka libadilike.

Tuanze na jua. Hapa Uganda mstari wa Ikweta unapita Kayabwe, katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Wenzetu wa Kisumu na Kericho huko Kenya, na wa Bukoba huko Tanzania, wako karibu na mstari huo huo, kwa hiyo jua lao ni kama letu. Linatoka mashariki, linapanda juu kabisa, linashuka magharibi. Kutoka mwezi wa Machi mpaka Septemba mchana linaegemea kaskazini kidogo, na miezi mingine linaegemea kusini kidogo. Kila mkulima anajua hivyo. Sasa tufanye hesabu ya fundi.

Chukua ukuta wa kimo cha mita 3 unaotazama kaskazini. Hata mwezi wa Juni, jua linapoegemea kaskazini kuliko siku zote, saa sita mchana paa likitokeza nje mita 1.3 tu ukuta wote utakuwa kivulini. Chukua ukuta wa kimo hicho hicho unaotazama magharibi. Mwezi wa Machi au Septemba, saa kumi na moja jioni, jua limeshuka na linaupiga ukuta usoni. Ili kuufunika wote paa lingetakiwa kutokeza zaidi ya mita 5. Nani amejenga paa la namna hiyo? Hakuna. Kwa hiyo nyumba ndefu yenye ubavu wake mashariki na magharibi huota jua asubuhi upande mmoja, na alasiri upande wa pili. Ukuta wa matofali hunywa joto lile na kulitoa jioni ndani ya chumba, wakati mfanyakazi amerudi na anataka usingizi.

Dawa yake ni nyepesi. Ubavu mrefu, wenye milango na madirisha, uelekee kaskazini na kusini. Pande fupi, bila madirisha makubwa, zielekee mashariki na magharibi. Matofali ni yale yale, mabati ni yale yale, mshahara wa fundi ni ule ule. Kinachobadilika ni mahali kamba ya kupimia msingi inapovutwa.

Sasa tutazame umbo. Jumba la kiwanda la mita 30 kwa mita 30 lina eneo la mita za mraba 900. Jumba la mita 15 kwa mita 60 lina eneo hilo hilo. Lakini katika jumba la kwanza mtu aliye katikati yuko mita 15 kutoka dirisha la karibu, na katika la pili yuko mita 7 na nusu. La kwanza likimtoa mtu wa katikati kwenye giza, ni kwa taa zinazowaka mchana kutwa, na hewa yake ni ya feni. La pili hupitisha mwanga na upepo kutoka upande huu mpaka ule. Tena jumba la pili likielekezwa vizuri, ukuta wake unaopigwa na jua la machweo ni mita 15 badala ya 30. Ni kweli jumba refu linataka kuta zaidi, mita 150 kuzunguka badala ya 120, na mwajiri atalalamika juu ya gharama hiyo. Lakini kuta hujengwa mara moja, na umeme hulipwa kila mwezi.

Hatutaki kumdanganya mtu. Karibu na Ikweta jua la mchana huanguka juu ya paa kuliko mahali pengine popote, na bati lisilo na dari litawapika watu hata kama jengo limeelekezwa vizuri. Kwa hiyo paa lazima liwe na dari, rangi nyeupe, na tundu la kutolea hewa ya moto juu kabisa. Vile vile kuiga michoro ya Ulaya hakufai. Huko viwanda vingi vilijengwa kwa mapaa ya meno ya msumeno, vioo vikitazama kaskazini kwa sababu jua lao huwa kusini. Ukiileta ramani hiyo hapa, kuanzia Machi mpaka Septemba jua litaingia katika vioo hivyo na kumwangukia mtu kwenye mashine.

Wako wanaosema mambo haya ni ya wasomi wa nchi tajiri. Si kweli. Mjini Harare, nchini Zimbabwe, kuna jengo kubwa la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake ni Mick Pearce. Halina mitambo ya kawaida ya kupoza hewa. Usiku hewa baridi hupitishwa ndani ya sakafu, na mchana hewa ya moto hutoka kwa dohani zilizo juu ya paa. Ikiwa ujuzi huu ulipatikana Afrika kwa ajili ya maduka na ofisi, kwa nini usipatikane kwa kiwanda cha chai au kambi ya wakata miwa?

Sababu tunaijua. Laini nyingi za mashambani zilipangwa kufuata barabara, au mpaka wa shamba, au mahali ambapo mnyapara angeweza kuona milango yote kwa mara moja. Nyingine zilijengwa mgongo kwa mgongo ili ukuta mmoja utumike kwa vyumba viwili, na upepo ukakosa njia. Tumetembelea kiwanda kimoja ambacho ofisi zimewekwa upande wa kivuli, na chumba cha kufungashia upande wa machweo. Umeme hupimwa kwa mita ya kampuni, kwa hiyo mwajiri anauona. Joto hupimwa kwa mwili wa mfanyakazi, na mwili hauletewi hati ya malipo.

Wako pia ndugu zetu wanaosema, "Kwanza mshahara, nyumba baadaye." Tunawajibu kwamba joto linakula mshahara. Anayelipwa kwa kipande hupunguza vipande alasiri. Aliyetoka zamu ya usiku hawezi kulala mchana chini ya bati. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba kufikia mwaka 2030 joto litapoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi duniani, sawa na kazi za watu milioni 80. Saa hizo zitakatwa kwa nani, kama si kwetu?

Tena tunayo haki ya kusema. Mkataba Namba 110 wa Shirika hilo, wa mwaka 1958, unahusu mashamba makubwa. Katika sehemu ya nyumba unataka viwango vya vifaa vya ujenzi, ukubwa wa nyumba, mpango wake, upitishaji wa hewa na baraza, na unataka wawakilishi wa wafanyakazi washauriwe. Hata pale ambapo serikali haijauridhia, chama chaweza kuuweka mezani kama mfano. Na mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliingiza mahali pa kazi palipo salama na penye afya katika haki za msingi za kazi.

Basi tunaomba kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, katika mapatano yajayo na mwajiri liingie sharti kwamba ramani ya kila jumba jipya na kila laini mpya ionyeshwe kwa kamati ya wafanyakazi kabla msingi haujachimbwa. Pili, kamati isiogope ramani. Iulize: kaskazini iko wapi? Ubavu mrefu unaelekea wapi? Upepo unaingia wapi na kutoka wapi? Nani atakaa upande wa magharibi? Wazee wa mahali hapo waulizwe upepo huvuma kutoka wapi, maana wanaujua kuliko mgeni mwenye karatasi. Tatu, kwa majengo ya zamani, ambayo hayawezi kugeuzwa, tudai baraza na miti ya kivuli upande wa magharibi, dari, na chokaa juu ya mabati. Stoo ihamishiwe upande wa jua, watu wahamishiwe upande wa kivuli.

Mwajiri akitaka cheti cha jengo la kijani, na akipate. Lakini cheti hicho kisiwe cha mita ya umeme peke yake wakati mwanamke anayefungasha chai analoa jasho ukutani. Msingi ukishamwagwa zege hatuna la kusema tena kwa miaka 40. Kwa hiyo tuseme sasa, ramani ikiwa bado karatasi.