Tabora, Tusisubiri Kupooza Ndipo Tujifunze Kutembea



Mji wetu wa Tabora ulikuzwa na miguu ya watu. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, safari ya Bagamoyo hadi kwetu Unyanyembe ilichukua kama miezi mitatu, na wapagazi wa Kinyamwezi waliikata wakiwa na kilo 30 na ushei begani. Hatutamani mizigo ile irudi, wala minyororo waliyofungwa wengine katika njia hiyo hiyo. Lakini sisi wajukuu wao tunapanda bodaboda kwenda duka la mtaa wa pili, kisha tunashangaa presha, sukari na viuno visivyoisha kuuma.

Na presha hiyo ikimletea mzee kiharusi, nyumba nzima humhurumia. "Pumzika baba, tutakuletea hapo hapo." Hulishwa, huogeshwa, huinuliwa kwa kuvutwa mkono uliolegea mpaka bega linateguka. Huruma ya namna hiyo humlemaza mara ya pili. Mtaalamu wa fiziotherapia humkalisha ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage sakafu, kisha humwambia ainame mbele, ajiinue. Leo mara tatu, kesho mara tano. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia, na wiki za mwanzo zikipotea, kazi huwa ngumu zaidi.

Basi tushikane mikono. Mwenye kiharusi, aliyevunjika mfupa, mtoto aliyechelewa kukaa au aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, tumpeleke hospitali mapema na tuulizie mazoezi ya viungo kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Mtu mmoja wa nyumbani aingie naye chumba cha mazoezi, ajifunze, aendeleze kitandani na uani. Madiwani wa Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, bajeti ikijadiliwa, ulizeni: mtaalamu wa fiziotherapia yuko wapi katika wilaya yetu?

Na sisi wazima tusijisahau. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani, kama mwendo wa haraka, kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Hazihitaji kiingilio wala viatu vya bei.

Wenyeviti wa mitaa, tuiteni Jumamosi alfajiri, tutembee pamoja kuelekea tembe la makumbusho kule Kwihara. Wazee waje na fimbo zao. Atakayechoka tutamsubiri chini ya mwembe.