Kaseti Si Takataka, Ndugu Zangu Wapenda Vitabu

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wasomaji wa vitabu hapa Arusha, niliteleza nikataja kwamba nakusanya kaseti na santuri. Nilisema kwa furaha, kama mtu anayetangaza kwamba kapata mtoto. Wakacheka. Mmoja wao, mwalimu wa fasihi ninayemheshimu sana, akaniuliza: "Sasa kaka, hizo takataka za nini wakati kila kitu kiko YouTube?" Mwingine akaongeza kwamba muziki ni burudani, na sisi pale tumekutana kwa ajili ya fasihi. Chai ikaletwa, mazungumzo yakarudi kwa Shaaban Robert.

Sikujibu kitu. Mimi huwa najibu vizuri nikishafika nyumbani. Jibu langu basi ni hili, ni refu kidogo, na adabu yake si kubwa.

Nianze na furaha yenyewe, maana wanaocheka hawajawahi kuionja. Jumamosi moja mwaka jana nilikwenda kwa fundi redio mmoja jirani na Soko la Kilombero. Nilitaka ule mpira mdogo unaozungusha kaseti, wangu ulikuwa umelegea na kila mwimbaji alikuwa anasikika kama amelewa. Chini ya meza yake, kati ya spika zilizopasuka na transfoma, niliona kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Shikamoo mzee. Hizi santuri za nani?"

"Marahaba. Za mtu aliyeleta mashine itengenezwe, hakurudi. Zitakusaidia nini, dogo?"

Zilikuwa kumi na moja, zile ndogo, wimbo mmoja kila sahani. Nikageuza ndoo ya rangi nikaikalia, nikawa nazitoa moja moja kwenye vumbi. Saa nzima. Wateja wananiruka, fundi ananiangalia kama mgonjwa. Ya saba ilikuwa ya Simba Wanyika, na hapo moyo ukapiga.

Kwa asiyewajua: ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, ambako walipiga na Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia hapa kwetu, ndugu yao William akajiunga nao, wakaunda Arusha Jazz. Hawakukaa. Mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya wakawa Simba Wanyika, na jina likakulia huko. Sababu haihitaji utafiti. Nairobi kulikuwa na kampuni za santuri na mitambo ya kuzichapa. Kwetu bendi ilirekodi Radio Tanzania, Dar es Salaam, na ile kanda ikabaki kwenye kabati la redio. Aliyetaka wimbo wake ukae mkononi mwa msikilizaji alipaswa kutazama upande wa Namanga.

Sasa tazama lebo ya santuri yangu. Katikati pana jina la wimbo, chini yake jina la mtunzi, halafu la bendi. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu ya wino wa buluu: Namanga 12/79. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukafunguliwa Novemba 1983. Kwa hiyo kuna mtu, simjui na sitamjua, ambaye mpaka ukiwa umefungwa aliona kwamba wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, nusu upande A na nusu upande B, unastahili kuvushwa. Labda ulipita ndani ya kanga. Labda alipewa na shemeji yake wa upande wa pili. Nikalipa elfu kumi na tano kwa zote, nikapanda daladala nimezipakata kama mayai.

Wimbo huohuo niliukuta mtandaoni usiku ule. Umeandikwa ni wa Les Wanyika, ambayo ni bendi nyingine, iliyoundwa 1978 na waliojitenga na Simba Wanyika. Mtunzi hakutajwa. Picha ni ya machweo ya jua na twiga. Ndiyo hiyo "kila kitu" mnayoniambia iko YouTube.

Ugomvi wangu uko hapohapo. Sisi wapenda fasihi tukikuta shairi limechapwa bila jina la mtunzi tunapiga kelele, na ni haki yetu. Mhariri akichomoa sura ya tatu ya riwaya akaiweka mwisho, tunaita uhalifu. Lakini nyimbo, ambazo ndizo mashairi ambayo Mtanzania wa kawaida anayajua kwa moyo, tumekubali zichanwe kutoka kwenye albamu zao, zivuliwe majina, zipangwe upya na mashine, kisha tunamcheka anayeokota kava lililobaki. Kava ndilo jalada. Ndipo palipoandikwa nani katunga, nani kapiga besi, wapi, mwaka gani, na nani anashukuriwa. Mpangilio wa nyimbo nao ni kazi ya mtu: alikaa akaamua upande A ufunge na huzuni ili ukigeuza ukute ngoma. Bila hayo nimebaki na sauti tu, sijui ya nani.

Najua ninachosema kwa sababu nimefanya dhambi hiyo mwenyewe.

Baba yangu alikuwa na boksi la kaseti, pale nyumbani Tengeru. Arobaini na tatu, nilizihesabu. Kila kaseti aliyoipenda alikuwa amevunja vile viplastiki viwili vya juu ili mtu asirekodi juu yake. Mwaka 2011 nikiwa mwanafunzi wa chuo nilirudi likizo na kompyuta ya kuazima, na akili nyingi. Nikazihamisha zote kwenye MP3 kwa siku nne. Nikajiona mkombozi wa urithi wa taifa. Makava yakaenda jalalani, kaseti nikawapa watoto wa jirani. Wakavuta utepe wote wakaufunga kwenye vijiti shambani kutishia kunguru, mahindi yalikuwa ndiyo yanachipua. Ulimeta msimu mzima, Meru ikiwa nyuma yake. Baba alikaa barazani akiutazama. Aliniuliza mara moja tu: "Na yale maandishi umeyaweka wapi?"

Nilimwambia maandishi hayana haja, sauti ipo.

Alifariki 2016. Kuna wimbo aliokuwa akiupigia mluzi kila jioni akifunga banda la ng'ombe. Ninao, umo kwenye flashi, sauti safi kabisa. Unaitwa Track 07. Nimewauliza wazee, nimeuliza watangazaji, nimetumia zile programu za simu za kutambua muziki zikanijibu hakuna matokeo. Sijui aliyeuimba. Sijui bendi. Anayeniambia kaseti ni takataka ajue anamwambia mtu wa namna gani.

Tena sisi watu wa Arusha hatuna kisingizio. Uwanja wetu mkubwa unaitwa Sheikh Amri Abeid. Tunauita hivyo kwenye mechi, kwenye tamasha, kwa kondakta wa daladala, na wengi hawajui kwamba huyu ni mshairi, yule aliyetoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* mwaka 1954. Mtaa wa pili tu kutoka uwanja huo vijana wamekuwa wakipanga vina kwa miaka thelathini. X Plastaz walichukua Kiswahili cha mtaani wakakiweka kando ya uimbaji wa Kimaasai wa Merege, na 2004 wakatoa albamu nzima, *Maasai Hip Hop*. Ilitolewa na kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani. Mimi nilikuwa sekondari, nyimbo nilizisikia redioni na kwenye madaladala, lakini albamu yenyewe nikaja kuishika nikiwa mtu mzima, imetoka Ulaya kwenye begi la mtalii aliyekuwa anaondoka na hakutaka uzito. Nilikaa nikasoma kile kijitabu cha ndani ukurasa kwa ukurasa. Mambo ya Chuga yamesafiri mpaka Ulaya yakarudi kwangu kwa bahati. Faza Nelly alikuwa ameshafariki, tangu 2006.

Msije mkaniambia Wazungu wametuibia. Hiyo ni hoja rahisi na siipendi. Nikitaka *Sikinde* ya Mlimani Park naitafuta kwa jina la Africassette ya Detroit. Nikitaka *Songs for the Poor Man* ya Remmy Ongala, ya 1989, ni Real World ya Uingereza. Wao walichapa, wakaandika majina, wakatunza. Sisi tulikuwa tunatishia kunguru.

Na huyo Remmy aliimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu na UKIMWI, Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Wimbo haukufa, ulitembea kwa kaseti. Kitabu kilichokataliwa na kikapita mkono kwa mkono tungekifanyia makongamano. Kaseti iliyofanya kazi hiyohiyo, eti takataka.

Mwaka 2016 Bob Dylan alipopewa Nobel ya Fasihi, sisi tulibishana wiki nzima kama mwimbaji ni mwandishi. Mmarekani! Nilitegemea mtu mmoja aseme, basi tuanze kuchambua albamu za kwetu, wimbo kwa wimbo, kama tunavyochambua diwani. Bado nasubiri.

Ndiyo, sauti ya kaseti ina mikwaruzo. Ndiyo, mashine zimeadimika, na fundi wa kuzitengeneza ni mzee ambaye mwanawe anatengeneza simu. Na ndiyo, YouTube ni nzuri, naitumia kila siku, hata nyimbo zangu nyingi nimezijulia huko. Sina ugomvi na intaneti. Ugomvi wangu ni na mtu aliyesoma, mwenye rafu la vitabu lililopangwa kwa alfabeti, ambaye boksi la kaseti la mama yake liko stoo linaliwa na panya na haoni uhusiano.

Basi ninaomba. Ingieni stoo wikiendi hii, kabla ya kumwita kijana wa vyuma chakavu. Na mkikuta kaseti yenye kava la njano lililochanika kona ya juu, sikilizeni wimbo wa pili upande B. Ni dansi, ya mwendo wa wastani. Gitaa la solo linaanza peke yake, besi inafuata, halafu sauti mbili za kiume zinaitikiana. Kama dakika ya tatu hivi inaingia saksafoni. Msinitumie sauti, ninayo. Pigeni picha kava, pande zote mbili.