Mechi Zetu Zinalala, Nani Kazilaza?

Jumapili moja nilikuwa kibanda umiza hapa Ramadhani. Watu tumebanana kwenye mabenchi, makoti mpaka masikioni kwa baridi ya Njombe, macho yote kwenye televisheni. Timu mbili za Uingereza, majina siyataji, zilipigiana pasi za pembeni dakika tisini bila hata shuti moja la kumtisha golikipa. Zikatoka suluhu. Jamaa aliyekaa mbele yangu akajinyoosha, akasema, "Hizo ndizo mbinu, bwana!" Mwenye kibanda akabadilisha stesheni, ikaja mechi ya Ligi Kuu yetu, timu mbili za mikoani. Haijafika robo saa, jamaa yule yule akapiga kelele: "Toa huo usingizi, hatujalipa kuja kulala!"

Ugomvi wangu wa leo ni na jamaa huyo. Na wewe msomaji unayemcheka, usicheke sana, maana nakufahamu.

Tusidanganyane. Mechi nyingi za ligi yetu zinachosha kweli, na anayebisha hajawahi kulipa kiingilio. Mpira unadunda kama sungura kwenye uwanja wa mabonde. Beki anaubutua, beki mwenzake anaurudisha hivyo hivyo. Golikipa "kaumia" tangu dakika ya hamsini, na kila akiinuka anaumia tena. Lakini ngoja timu ile ile ikutane na Simba au Yanga. Utaona watu wanakimbia kama wamewashiwa moto miguuni! Miguu ni ile ile, kocha ni yule yule, hata viatu havijabadilika. Sasa usingizi ule wa wiki jana ulitoka wapi?

Wataalamu wa vijiweni wanajibu haraka: vipaji hakuna. Uongo mtupu. Mchezaji wa timu ndogo si mjinga. Anajua msimu mzima ana mechi chache tu ambazo nchi itamtazama. Akiwafunga Yanga, kesho picha yake iko gazetini na keshokutwa viongozi wa Msimbazi wanatafuta namba yake ya simu. Akiwafunga Prisons mabao matatu, atapewa mistari miwili chini ya tangazo la dawa ya mende. Wewe ungejiua kwa ajili ya mistari miwili?

Na kombe lenyewe? Tangu Azam walipolichukua msimu wa 2013/14 mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25, limekuwa likivuka tu kutoka Jangwani kwenda Msimbazi na kurudi. Mtibwa Sugar walilichukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani kama sisi, walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1986! Ukimwambia kijana wa leo anadhani unamsimulia hadithi za sungura na fisi. Timu ambayo haiwezi hata kuota ubingwa inacheza ili isishuke daraja, na anayecheza ili asishuke hachezi, anajificha. Usingizi unaanzia hapo.

Mtasema mbona sherehe tunayo, pambano la watani wa jadi. Haya. Tarehe 8 Machi 2025 watu walisafiri kutoka mikoani kwenda Dar kuishuhudia sherehe hiyo. Simba walilalamika kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, wakasema hawachezi. Mechi ikaahirishwa. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0, na kati ya miezi hiyo tulishiba matamko, vikao na barua. Hiyo ndiyo karamu tuliyowaachia wapishi wawili.

Sasa niwakumbushe karamu nyingine, ya jirani kabisa. Ukishuka kutoka Makambako kwa njia ya Mbeya unaingia Mbarali, nchi ya mpunga. Pale Ubaruku palikuwa na timu inaitwa Ihefu. Novemba 29, 2022, Yanga walifika pale wakiwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wakatangulia kufunga. Kwa desturi yetu mechi hapo imekwisha, wenyeji wanahesabu tu wasifungwe nyingi. Ihefu wakagoma. Never Tigere akasawazisha kwa mpira wa adhabu, kipindi cha pili wakaongeza, 2-1, filimbi. Makambako siku hiyo wapiga debe waliacha abiria stendi! Na wasiseme ni bahati, maana Oktoba 2023 Yanga walirudi pale pale wakala 2-1 nyingine.

Uwanja ule si Wembley. Utamu ulitoka kwa watu waliokuwa kwao, mbele ya watu wao, wakaamini mgeni anafungika. Basi. Hakuna siri nyingine.

Na tuliifanyaje timu ile? Mwaka 2024, msimu ukiwa katikati, ikahamishiwa Singida. Msimu uliofuata hata jina likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Sina ugomvi na watu wa Singida, nao wana haki ya kuona mpira. Lakini mtoto wa Ubaruku aliyelala na kelele za ushindi ule, alipoamka alikuta timu imebebwa kama gunia la mchele. Halafu tunashangaa mechi zinakosa wenyewe! Mwaka 2021 Azam waliingia mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6. Fedha zipo, kamera zipo. Kamera haiwezi kumwazima beki mji wa kumpigania.

Nanyi waandishi chipukizi wenzangu mnaoleta kazi humu, nawaonea haya. Nimesoma mashairi yenu ya Kariakoo, yameandikwa na watu ambao hawajawahi kuvuka Mikumi. Nani kaandika ukurasa mmoja juu ya Njombe Mji? Msimu wa 2017/18 tulikuwa Ligi Kuu, sisi, na uwanja wetu wa Sabasaba. Msimu mmoja tu, tukashuka pamoja na Majimaji wa Songea. Wachezaji wale walikuwa wanakula mihogo nasi, wanavuka barabara nasi. Hakuna aliyewaandika.

Septemba 2017 Yanga walikuja Sabasaba. Uwanja ulifurika, mbao za uzio zinalia. Nilidhani watu wamekuja kwa ajili ya timu yao. Ibrahim Ajibu akapiga mpira wa adhabu, ukaingia, na huo ndio uliokuwa ushindi wao wa 1-0. Uwanja wa nyumbani ukalipuka kwa furaha. Beki mmoja wetu alisimama akageuka kulitazama jukwaa, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuta wageni wanacheza ngoma sebuleni kwake.

Alinitazama na mimi. Nilikuwa nimesimama, nimenyoosha mikono juu, koti limefunguka, na ndani nimevaa jezi ya kijani.