Barua ya Kazi Si Barua ya Karo

Ndugu zangu mliotutangulia, na ninyi mlio bado madarasani,

Kila mwaka wachache katika sisi huvuka bahari kwenda kusoma Uingereza, na baridi haijaisha hujikuta wakitafuta kazi. Ndipo huandika barua, na nyingi ya barua hizo ni mbaya. Simcheki mtu, yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kupita zote.

Niliianza hivi: "Nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa." Kisha nikaeleza kwamba baba alifariki, kwamba tumezaliwa saba, na kwamba mjomba aliuza ng'ombe wawili ili nipate nauli. Yote ni kweli. Nikaipeleka mahali kumi na moja mjini Leeds, nisipate hata jibu moja.

Sababu naiona sasa. Sisi hapa Uganda, barua ya kwanza ya maana tunayoandika ni ya kuomba karo: kwa mjomba, kwa padre, kwa mfadhili. Barua ile hushinda kwa huruma. Lakini tajiri wa kazi hatafuti mtu wa kumhurumia. Ataka kujua umepata kufanya nini, na kwa nini umeichagua kazi yake hasa.

Hapo wengi hunijibu, "Sisi tu wanafunzi, tumefanya nini?" Mengi! Mimi nilikuwa nimepima kahawa misimu miwili katika ghala ya ushirika karibu na Mbale, nikiandika kilo za kila mkulima na fedha alizostahili. Katika barua zile sikuitaja kazi hiyo kwa kuona haya. Nilidhani kazi ya magunia haina heshima ng'ambo. Katika barua ya kumi na mbili niliiweka juu kabisa. Nikaitwa na duka moja la jumla, na swali la kwanza nililoulizwa lilihusu mizani.

Tena kuna kibali. Wengi hulinyamazia jambo hili, na tajiri kwa kuogopa sheria huiweka barua kando. Liseme kwa mstari mmoja: mwanafunzi wa digrii aruhusiwa saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na saa zote wakati wa likizo. Aliyehitimu anaweza kuomba kibali cha wahitimu kilichoanzishwa Julai 2021, ambacho hakimdai tajiri awe mdhamini. Si kila tajiri ajuaye hayo.

Mengineyo ni madogo. Ukurasa mmoja watosha. Picha, umri na dini viache. Alama za mitihani yetu zieleze, maana huko "pointi 18" ni fumbo tu.

Najua wako wazee watakaosema kwamba ninawafundisha vijana kujisifu. Sikubali. Kusema ulipima kilo ngapi ni kutoa habari. Kujisifu ni kuandika kwamba wewe ni "mchapa kazi hodari usiye na kifani", maneno ambayo hata mvivu huyaandika, na siku hizi kompyuta humwandikia bila hata yeye kuinua kalamu.

Barua zangu mbili, ya kwanza na ya kumi na mbili, nimemwachia mwalimu wa Kiingereza. Atakaye kuzisoma na amwombe. Nao wenzetu waliopata kuajiri watu, hasa wale wasiokubaliana nami, tafadhali waandike katika toleo lijalo.